Chombo Hakirudi Kitupu

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka vilima vya Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Orpa aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake na ungo wa maharagwe mapajani. Changarawe kushoto, yaliyotobolewa na wadudu kulia, mazima katikati. Alichagua ya kutosha watu wawili, ingawa nyumba ile ya udongo ilikuwa na mlaji mmoja, na yaliyobaki aliyala jioni yakiwa baridi. Hakuwahi kujiuliza kwa nini asichague ya mmoja. Mkono ulishazoea.

Asubuhi ile alikuwa amefika katikati ya ungo alipomwona Georgette akija mbiombio kati ya mabua ya mahindi, simu ameilaza juu ya viganja viwili kama mtu aliyebeba yai. Georgette alikuwa jirani yake, mwanamke wa Fizi kule Kongo, mwenye kibanda cha sabuni na chumvi, na mdomo usiojua siku ya mapumziko. Siku hiyo hakutania.

"Mama Kanyange, shika. Ni Mbarara."

Orpa aliinuka ghafla akasahau ungo. Maharagwe yakamwagika miguuni pake, mazuri na mabaya yakarudi kuwa kitu kimoja.

Sauti iliyokuwa ndani ya simu ilikuwa ya Madamu Yudita, mwalimu mstaafu wa mji wa Mbarara, naye alikuwa na habari ya furaha. Anne amefaulu mtihani wa darasa la saba. Amepata daraja la kwanza, na nafasi katika shule ya bweni huko Kampala. Limebaki jambo moja dogo. Shule inataka jina la mzazi, na kumwacha mtoto aeleze habari za ukimbizi kila anapoulizwa ni kumchosha bure. Basi mwanasheria ameandika karatasi ya kumfanya Anne kuwa mtoto wa Yudita kabisa, kwa jina la Yudita, na lile jina la zamani lifutwe kwenye karatasi ya familia kule kambini.

"Ni kusaini tu, Orpa. Wewe nakuja Jumamosi ile ingine. Tunakunywa chai, tunamaliza hii maneno."

"Asante, Madamu," Orpa alijibu.

Simu ilipokatika aliendelea kuishikilia sikioni. Anne ndiye Kanyange, binti yake. Ndiye aliyempa jina la Mama Kanyange ambalo Juru nzima ilimwita, hata watoto waliozaliwa baada ya Kanyange kuondoka, ambao hawajawahi kumtia machoni.

Ilikuwa mwaka 2005. Kifua kilimbana Orpa hadi akatema damu, na gari la wagonjwa likampeleka Mbarara pamoja na binti yake wa miaka sita, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia. Baba wa mtoto alikuwa amelala ardhini Kivu ya Kusini, na ndugu waliosalia hakuna aliyejua upepo uliwatupa wapi. Kwenye kitanda cha pili alilazwa bibi mmoja, na binti wa bibi huyo ndiye Yudita. Alikuja kila siku na chupa ya chai. Alimmiminia Kanyange kabla ya kummiminia mama yake mwenyewe. Siku ya nne alisema, "Huyu mtoto nalala chini ya kitanda namna hii? Acha mimi nachukua yeye nyumbani."

Orpa alisema, "Asante, Madamu." Alichomaanisha ni: mpaka nitakapoinuka. Lakini kipande hicho cha maneno kilibaki ndani pamoja na kikohozi.

Alipoinuka, miezi minane baadaye, alikwenda kumchukua. Alimkuta mtoto amenawiri, amevaa sare ya shule na soksi nyeupe, na akiitwa Anne anaitika. Orpa mwenyewe alikuwa ametoka kwenye hema la plastiki lililovuja. Alikunywa chai, akashukuru, akarudi peke yake. Mwaka uliofuata alikwenda tena, na ule uliofuata, kila mara na neno lilelile chini ya ulimi, na kila mara akarudi nalo. Kwao, mtu aliyekulishia mtoto humtazami usoni ukamwambia nirudishie. Unangoja atambue mwenyewe. Orpa alingoja miaka saba.

Sasa alikuwa na nyumba yenye bati, shamba la maharagwe, na kuku. Kilichokosekana, alijiambia, kilikuwa kitu kimoja tu.

Katika safari yake ya mwisho Mbarara, mwezi wa nane, alipeleka mfuko wa maharagwe aliyoyachagua moja moja. Alipokuwa akiaga aliyaona uani, yamemwagwa kwa kuku. Yudita hakuwa na nia mbaya, wala hakujua kwamba mgeni ameona. Alisema tu, huku akicheka, kwamba Anne maharagwe yanamsumbua tumbo. "Asubuhi yeye ni chai na mkate ya ndizi. Bila mkate ya ndizi haiendi shule." Orpa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mahali pa mgeni, akatazama mkate huo unavyotengenezwa. Ndizi zilikuwa tayari zimemenywa na kupondwa kwenye bakuli. Mayai matatu. Unga wa ngano, sukari, mafuta. Kijiko kimoja cha unga mweupe kutoka kwenye kikopo kidogo. Aliyakariri yote kama mtu anayeweka alama za njia atakayorudi nayo.

Kisha ikafika Noeli, na Yudita akamtuma dereva mmoja alete mkate wa ndizi Nakivale, ndani ya bati lake lenyewe la kuokea. Mkate uliliwa. Bati likaoshwa, likatundikwa msumarini, na tangu siku hiyo lilikuwa likimtazama Orpa kila alipoamka, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa kikapu cha viazi unakirudisha na chochote, hata fungu la mboga. Kukirudisha kikavu ni sawa na kusema: tusijuane tena.

Alilitungua siku ileile ya simu. Alimwambia Georgette kwamba bati litarudi na mkate wa ndizi. Hakumwambia lililobaki: kwamba siku mtoto atakapoonja mkate ule kutoka mkononi mwa mama yake, hakutakuwa tena na sababu ya kusema kule kambini hakuna anachoweza kula. Siku hiyo ndipo yeye Orpa atakaposema: nirudishie.

Kwa mkate wa kwanza alinunua ndizi za mwanamke aliyezileta kutoka Isingiro, akachagua zilizo nzuri kuliko zote: za manjano, ngumu, zisizo na doa. Zilikuwa za kwenda kwa mtu wa heshima. Kwao ndizi iliyoingia weusi ilikuwa ya pombe, na watu wa kanisa lao hawagusi pombe, basi ilikuwa ya mbuzi. Nani ampelekee Madamu chakula cha mbuzi? Zilikataa kupondeka kwa uma, akazitwanga kwenye kinu. Kwa ule unga mweupe, Georgette alimuuzia levire, hamira ya kuumulia mikate, na Orpa akatia kijiko kimoja kama alivyoona. Mayai aliyatoa kwa kuku wake wa madoadoa aliyekuwa akitaga nyuma ya mtungi. Aliyachukua huku akidonolewa, akaacha moja. Kuku akikuta kiota kitupu hukihama. Ukimwachia moja, hurudi.

Yudita alikuwa na jiko la umeme lenye mlango wa kioo. Orpa alikuwa na mbabula, jiko la makaa la udongo, na sufuria kubwa ya kuchemshia mahindi. Aliweka bati ndani ya sufuria, akafunika, akarundika makaa chini. Nusu saa baadaye moshi ulitoka pembeni mwa kifuniko. Chini mkate ulikuwa mkaa. Katikati ulikuwa uji.

Georgette aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama mganga.

"Hii haiko mukate, Mama Kanyange. Hii ni tofali. Uifiche, ba UN bakiiona batakuja kukuomba ingine bamalizie kujenga dispensaire."

Walicheka wote wawili mpaka machozi, kisha Orpa akaacha kucheka, na machozi yakaendelea kidogo.

Ni Georgette huyohuyo aliyekumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akioka mikate mjini Baraka kabla ya vita. Mchanga ndani ya sufuria, vidole viwili kwenda juu, na bati likae juu ya mchanga. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Orpa aliupepeta mchanga kama anavyopepeta maharagwe. Mkate wa pili uliiva kweli, lakini ulikuwa bapa kama sandali, wenye harufu ya uchachu, na ndani yake vipande vya ndizi vilibaki vyeupe na vigumu. Ladha ya unga tu. Aliula wote mwenyewe kwa siku mbili, maana kutupa hakuwezekani, na kila tonge lilikuwa kama kumeza jibu la hapana.

Zilipobaki siku tatu alitaka kukata tamaa. Alivuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa ndizi zilizobaki, ampe mbuzi wa jirani. Alipoufungua alisimama. Ndizi zilikuwa zimegeuka nyeusi, zimelegea, zinatoa maji, na harufu yake ilijaza chumba. Harufu hiyo aliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye nywele na kola ya Kanyange kila mwaka, katika ile dakika moja ya kukumbatiana.

Alikaa kitandani na mfuko mapajani. Moyo ulimwambia ni aibu kumpelekea mtu ndizi zilizooza. Pua ilimwambia ni zenyewe.

"Wazungu banakulaka hata maziwa yenye kuoza, banaita fromage," Georgette alisema alipoulizwa. "Ponda."

Zilipondeka kwa mgongo wa kijiko, bila kupigana. Georgette alikuwa ameagiza Isingiro kikopo kile kidogo cha unga mweupe, maana alikuwa amegundua kwamba levire si yenyewe, na akakikabidhi kwa namna ya mtu anayekabidhi dawa. Ijumaa alasiri Orpa alichochea mbabula, akatandaza mchanga, akafunika. Hakuondoka hapo. Aliongeza kaa, akapunguza kaa, akaweka kiganja juu ya kifuniko kama anayepima homa. Alipofunua, mkate ulikuwa umepanda hadi juu ya ukingo wa bati, umepasuka mgongoni, rangi yake kama udongo wa njia ya Juru baada ya mvua.

Georgette aliomba pembe moja tu aonje. Akanyimwa. Akapewa mwiko aurambe.

"Na ile karatasi," aliuliza huku akiramba, "utasaini?"

Orpa alifunga bati kwenye kitambaa.

"Bantu batasema unamutaka juu ya posho yake ya ba UN," Georgette aliendelea.

"Najua."

"Basi wende useme. Mukate haina mudomo."

Jumamosi alifika Kakoba, mtaa wa Yudita kule Mbarara, saa nne, kikapu mapajani njia nzima, bati ndani yake likiwa bado na uvuguvugu, au labda ni jua. Geti lilifunguliwa na msichana mrefu mwenye gauni la bluu. Orpa alihitaji kumtazama mara mbili. Msichana alipiga magoti kwa adabu, kama wasichana wa Kinyankole wanavyopigia mgeni yeyote mkubwa.

"Karibu, Mama wa Nakivale," alisema.

Lilikuwa jina alilokuwa akimwita kila mwaka. Jina la Mama, bila kitu baada yake, lilikuwa la Yudita. Orpa alimkumbatia, akavuta pumzi kwenye kola yake. Ilinukia sabuni.

Sebuleni Yudita alimpokea kwa mikono miwili, akamuuliza habari za njia, za mvua, za kifua. Alikuwa amezeeka tangu mwezi wa nane. Mguu mmoja alikuwa akiuburuta. Orpa alitoa bati, akalifungua kitambaa. Mwalimu aliinama, akanusa, akamtazama usoni.

"Wewe mwenyewe ulitengeneza hii? Hapana. Ulinunua."

"Ni mimi, Madamu."

"Na huna oveni."

"Nilipikia na mchanga," Orpa alisema, akaona aibu.

Yudita aliita kisu, akaita sahani, akasifu mpasuko wa mgongoni, akasema kwamba miaka ishirini amewafundisha akina mama kuoka na hakuna aliyewahi kumrudishia bati likiwa hivi. Alikata vipande vitatu. Orpa hakugusa chake. Alitazama mdomo wa msichana.

Msichana aliuma kidogo, akatafuna, akatafuna. "Nzuri," alisema. "Iko na moshi kidogo." Kisha akaweka kipande kilichobaki ukingoni mwa sahani, taratibu, akapangusa vidole.

"Usijali yeye," Yudita alisema. "Huyu siku hizi aliacha mkate ya ndizi. Anasema imemchosha. Sasa ni chapati tu." Yeye mwenyewe alikula chake chote, akaongeza kingine.

Orpa aliangalia kile kipande kilichoachwa. Kilikuwa na alama ya meno matatu.

Chai ilipokwisha, Yudita alichukua kikapu cha mgeni na kwenda nacho chumbani. Nacho pia kilikuwa chombo, na Yudita alijua desturi. Hakuna mwaka aliowahi kukirudisha kitupu. Alirudi nacho kimejaa, akakiweka miguuni pa Orpa. Sukari, vipande vya sabuni, na chini yake nguo. "Zote zilikuwa ndogo kwake," alisema. "Huko watoto ni wengi, utagawa." Zilikuwa zimekunjwa vizuri, kubwa juu, ndogo chini. Sare ya darasa la saba. Sweta ya darasa la tano. Gauni la kubatiziwa. Orpa alishuka nazo moja moja kama anayeteremka ngazi, hadi mkono wake ulipogusa kitenge chini kabisa.

Kilikuwa kigauni chenye maua ya manjano, kimeshonwa kwa mkono, na kiraka kwapani. Kiraka hicho alikishona yeye, chini ya plastiki, kwa uzi alioufumua kwenye mfuko wa posho. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Miaka saba kilikuwa kimetunzwa.

Yudita alikuwa ameshatandika karatasi mezani, mbele ya lile bati lenye mkate uliokatwa. Aliivua kalamu kifuniko, akaonyesha kwa kidole: hapa, na hapa. Hakuharakisha. Alieleza tena habari za shule, na kwamba Orpa anaweza kuja kumtazama mtoto wakati wowote, kama siku zote, hakuna kitakachobadilika. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ilitetemeka mwishoni.

Orpa aliishika kalamu. Jina lake alijua kuliandika.

"Hii ilikuwa ya nani?" msichana aliuliza.

Alikuwa amekiinua kigauni kile kutoka kwenye kikapu, amekipima kifuani. Kilimfika mbavuni. Alikigeuza, akakipapasa kile kiraka kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili, kama anayesoma.

"Orpa," Yudita alisema, "kuna shida?"

Neno la siku zote lilipanda, kwa mazoea, kama mkono unaochagua maharagwe ya watu wawili. Asante, Madamu. Lilifika hadi kwenye meno. Orpa alilimeza. Aliilaza kalamu kwenye sahani, karibu na kipande chenye alama ya meno, akainua macho akamtazama usoni mwanamke aliyemlishia mtoto.

"Madamu," alisema, na sauti yake ilikwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, "ile siku pale hopitali sikukupatia mutoto. Nilikuachia tu, unishikie."